Ile Video ya Moto Mkubwa Ilikuwa Uongo

Wasee, leo najisema vibaya mwenyewe, kwa hivyo kaeni chini.

Kuna video yangu moja mnaipenda kuliko zingine zote. Kukhu amekaa kwa kigoda mbele ya mafiga, leso kichwani, moto unaruka karibu ushike mabati, sufuria nyeusi juu, jogoo ndani. Nyuma kuna ngoma za isukuti. Hiyo video iliniletea wafuasi wengi kuliko vitu vyote nimewahi kufanya tangu niache chuo mwaka wa pili na kurudi hapa Iguhu. Hadi leo nikishuka matatu Kakamega mjini kuna mtu ataniita, "Wewe ndio ule wa kuku wa shosho!"

Ni uongo. Yule kuku mnaona mwishoni kwa sahani, amelainika, mchuzi unang'aa, si yule wa kwenye moto. Yule wa kwenye moto alishika chini, na paja likipasuliwa ndani bado kulikuwa na damu. Mbwa wetu alifanya sherehe. Tuliyemla sisi Kukhu alimpika kesho yake asubuhi, bila kamera, juu ya moto ambao ukiutazama ungesema umezima.

Ule moto mkubwa ulikuwa wazo langu. Kukhu alikuwa ameuweka vizuri, makaa mekundu na ukuni mmoja unavutavuta pembeni, mimi nikaona kwa simu haionekani kitu. Giza tu na sufuria. Nikamwambia aongeze kuni. Akaniangalia. "Mwana wanje, unataka kupika ama unataka kuchoma nyumba?" Nikacheka, nikaongeza mwenyewe. Kuni zilizokauka zilikuwa zimeisha, nikachukua za bulugamu zilizokatwa wiki hiyohiyo, bado mbichi. Moshi uliotoka hapo, aki.

Usiku nikihariri nikavaa spika za masikio. Kukhu anakohoa. Si mara moja, ni video nzima, dakika 14 za mkanda mbichi, kikohozi kile cha kukunja mgongo. Na mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake, nyuma ya simu, na sikukuwa nimesikia. Mnajua nilifanya nini? Nilizima sauti yote nikaweka isukuti juu. Ngoma ya Wiisukha na Wiidakho, ngoma iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mimi nikaitumia kufunika kikohozi cha nyanya yangu.

Ndiyo maana naandika. Maoni yangu ni haya: sisi vijana tumependa moto wa kutazama, na moto wa kutazama haupiki. Unaharibu chakula, unamaliza kuni, na unaumiza yule amekaa karibu nao, ambaye mara nyingi si yule ameshika simu. Chakula kitamu cha moto wa kuni kinatoka kwa makaa na subira. Vitu viwili ambavyo havionekani vizuri kwa video.

Nitawapeleka pole pole, juu najua nusu yenu mnapanga kupiga kambi Desemba na mtaniuliza tu.

Anza na kuni. Hapa kwetu mwenye bahati ana mpera uliokauka. Mpera ni mti mgumu, unawaka taratibu na unaacha makaa mazito yanayokaa. Bulugamu tunayo kila boma, inashika haraka, inalia na kurusha cheche, ni nzuri kuanzisha moto lakini usiitegemee kwa kazi ya saa mbili. Chochote unachochoma, kiwe kikavu. Ukuni mbichi una maji ndani, na moto lazima uyachemshe hayo maji kwanza kabla ya kukupikia wewe. Ule moshi mzito mweupe unaoona ni mvuke na vitu ambavyo vingefaa viwake havijawaka. Kwa hivyo mtu akikuambia moshi mwingi ndio ladha, huyo anakuuzia kuni mbichi.

Na tafadhali, ule mmea wa ua wenye maziwa meupe, mnyaa, usiuguse. Usiutumie kama kuni, usichonge kijiti cha kuchomea soseji. Utomvu wake ukiingia machoni utalia vitu vyako vyote.

Mawe pia. Watu wanaokuja kutembea huku wanashuka mto Yala wanabeba mawe laini, yamekaa vizuri, yanapendeza. Jiwe lililokaa kwa maji limenyonya maji. Ukiliweka kwa moto, yale maji yanageuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka usoni mwako. Chukua mawe makavu ya shambani, yale mabaya.

Sasa washa, halafu ngoja. Hapa ndipo watu wa mjini wanashindwa. Mwaka jana kuna kikundi kilitoka Nairobi kikaja kulala upande wa Isecheno, pale kwa msitu, na kikaniita nikirekodi. Watu poa, nilipenda kampani yao. Lakini saa moja jioni njaa imewashika, mmoja akamwaga mafuta ya taa kwa kuni, moto ukaruka, wote wakapiga kelele, simu zote juu. Nyama ikawekwa kwa wavu papo hapo. Unajua mafuta ya mbuzi yakidondokea miali? Yanashika moto, yanatoa masizi, na masizi yanarudi kwa nyama. Nje nyeusi, ndani mbichi, na harufu ya taa juu. Walikula mkate. Na nikiangalia zile video walizopost, moto ni wa kupendeza kweli, na maelezo yanasema ilikuwa nyama tamu zaidi maishani mwao. Wasee, mimi nilikuwepo.

Mpera mkavu utakupa makaa mazuri baada ya dakika 40 hivi. Jua yako tayari miali ikiisha na makaa yakavaa jivu jepesi la kijivu, ukipuliza yanakuwa mekundu. Weka kiganja juu, pale nyama itakaa. Ukihesabu moja, mbili, na lazima utoe mkono, huo ni moto wa kuchoma nje. Ukifika tano, huo ni wa kuivisha. Vuta makaa mengi upande mmoja na machache upande mwingine, nyama ihame kama mtu anayehama nyumba kodi ikipanda. Wale wachomaji wa Kikopey pale Gilgil mnaosimama mkienda Nakuru hawafanyi uchawi. Wanangoja, na wanasogeza.

Kuku wa kienyeji ni hadithi nyingine. Ingokho haichomwi kwa haraka, ile nyama imetembea. Miali mikubwa inahitajika mara moja tu, ukishamnyonyoa, unampitisha juu ya moto kubabua yale manyoya madogo. Dakika mbili. Baadaye ni sufuria yenye kifuniko, chumvi, maji kidogo, makaa na ukuni mmoja wa kumweka macho. Kukhu anaenda saa mbili. Kitunguu na nyanya zinaingia mwishoni kabisa. Na hapa Iguhu tuko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, kwa hivyo ukiongeza moto unapoteza maji tu, kuku haivi haraka. Hii niliisoma sekondari nikaifaulu kwa mtihani, na bado nikaongeza kuni. Kukhu hakusoma fizikia. Anajua tu.

Kitu ambacho nakipenda zaidi lakini sijawahi kukirekodi ni viazi vitamu kwa jivu. Hakuna cha kuona! Unachimba kashimo kwa jivu la moto, unaweka viazi na maganda yake, unafunika na jivu lililochanganyika na vijikaa vidogo, unaenda kukama ng'ombe. Joto la polepole linageuza wanga kuwa sukari. Baada ya saa moja ganda limekunjamana na pembeni kuna kautomvu cheusi kama kalameli. Unapangusa jivu na kiganja, unapasua, mvuke unatoka. Hakuna kiazi cha kuchemsha kinafika hapo. Na ulitumia moto uliobaki baada ya ugali, yaani bure.

Hata jivu lenyewe halitupwi. Kukhu anachoma maganda makavu ya maharagwe, anaweka jivu kwa chombo kilichotobolewa chini, anamwagia maji, na yale maji ya kahawia yanayodondoka ndiyo munyu. Kijiko kimoja kwa mrenda, mrenda unalainika na unapata ile ladha ambayo magadi ya dukani yanajaribu kuiga tu. Watu wa vidokezo vya mapishi kwa simu, mnatafuta siri za chumvi ya Himalaya. Iko hapa, kwa kopo la Kimbo lenye matundu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, juu hapa ndio watu watanikasirikia.

Kila nikipika kitu kwa gesi kwa video, lazima mtu aandike: "Chakula cha gesi hakina ladha, rudi kwa moto wa kuni." Nimeanza kuangalia ni akina nani. Ni wanaume. Karibu wote ni wanaume wa rika langu na la baba yangu, na naweka pesa hawajawahi kukaa kwa kile kigoda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi pia sikuwa nimekaa. Nilikuwa nikiingia jikoni kuchukua chai na kutoka nikipangusa macho, nikisema "moshi ya leo, aish," halafu naenda kukaa chini ya mwembe. Kukhu amekaa hapo ndani tangu alipoolewa.

Na fikiria hii. Zamani kwetu Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Kukhu ananiambia aliwapikia wageni na wanaume wa boma hili miaka mingi kabla yeye mwenyewe aonje. Alikuwa anapima chumvi kwa kunusa. Hadi sasa imondo, ile firigisi, inaenda kwa mwanaume mkubwa wa nyumba. Siku ya ile video baba hakuwepo. Imondo nilipewa mimi, shujaa wa kushika simu.

Kwa hivyo mnaposema ladha iko kwa moshi, ulizeni moshi uliingia kwa nani. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zinapikia kuni. Zaidi ya nusu yetu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama milioni 3.2 kwa mwaka mmoja, 2020, kutokana na hewa chafu ya ndani ya nyumba, na kubwa hapo ni moshi wa kupikia. Mwanamke wa jiko la udongo lisilo na dirisha hajaenda kambi. Yeye harudi Nairobi Jumapili jioni.

Sisemi tuache moto. Ningekuwa mnafiki, ndio unalipa bando zangu. Wala msinijie na ile "si anunue gesi tu". Kukhu ana mtungi wa kilo 6, nilimnunulia. Anautumia kwa chai ya asubuhi, na ukiisha unaweza kukaa mwezi tupu, juu kujaza ni pesa na maharagwe yanaila gesi kama hayana mama. Mnakumbuka Julai 2021 serikali ilivyoirushia gesi VAT ya asilimia 16? Iliondolewa baadaye, lakini kuna watu walirudi kwa kuni wakati huo na hawajatoka huko. Kuni zina bei yake pia. Zinabebwa na shingo ya mtu.

Ninachosema ni kwamba ladha na moshi ni vitu viwili tofauti, na ukishaelewa hivyo huna kisingizio. Kiazi kwenye jivu hakihitaji mtu akohoe. Kuku wa saa mbili anahitaji makaa, na makaa mazuri yana moshi kidogo sana. Kukhu alikuwa anajua kupika hivyo. Aliyeleta moshi siku ile ni mimi, kwa sababu nyinyi mnabonyeza moto mkubwa. Nimewaangalia, hamwezi kukataa.

Baada ya kusikia ule mkanda nilikaa wiki mbili bila kupost kitu. Halafu nikachukua pesa ya harusi moja niliyorekodi, nikanunua lile jiko la Upesi, ile duara ya udongo wa kuchomwa ambayo akina mama wa Magharibi wamekuwa wakifinyanga tangu miaka ya themanini. Unaijengea kwa matope, inaachwa mdomo mmoja mbele wa kuingizia kuni. Moto unabaki ndani badala ya kukimbia pande tatu kama kwa mafiga. Mjomba akanisaidia kupanua dirisha na kutoboa ukuta juu karibu na paa, moshi upate njia. Kuni zilizokuwa zinaisha kwa siku mbili sasa zinaenda tatu. Kukhu alilalamika mwezi mzima kwamba sufuria kubwa haikai vizuri. Ni kweli, haikai vizuri. Kwa hivyo mafiga tumeyahamishia nje, chini ya mwembe, kwa ajili ya ile sufuria ya wageni na ya matanga, mahali ambapo upepo unabeba moshi. Na pale chini ya mwembe ndipo wanaume walikuwa wanakaa. Imebidi wahame ama wapike.

Nikajiwekea sheria pia, si kwamba mimi ni malaika. Anayerekodi ndiye anapasua kuni na kukaa kwa kigoda. Ndiyo sababu video zangu za siku hizi zinatikisika, nashika simu na mkono mmoja na mwiko na mwingine. Siku ya kwanza kusonga ugali wa watu kumi kwa moto wa kuni niliungua nyusi. Nyinyi mlicheka, nikaona.

Nyinyi wa kupiga kambi, sipingi. Njooni. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo kilichobaki Kenya, na kulala karibu nao ukisikia nyani asubuhi ni kitu utasimulia. Lakini uliza wenye msitu mahali moto unaruhusiwa, usivunje tawi lililo hai, nunua kuni kavu kwa mama wa barabarani, na usiku mwaga maji mpaka jivu liwe baridi kwa mkono. Acha mafuta ya taa nyumbani. Na ukimpata shosho akupikie ili urekodi, mlipe. Si "asante shosho" na soda. Mlipe kama unavyomlipa yule wa kukuhariria video. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na Kukhu ni damu yangu.

Jumapili iliyopita nilipika jogoo mwenyewe, saa mbili na dakika 10, makaa ya mpera. Kukhu alikaa nje anachambua mboga, akinirushia maagizo kupitia dirisha lile jipya. Video imepata watazamaji wachache sana, hata robo ya ile ya uongo haijafika. Mtu wa kwanza kuandika chini yake ameuliza moto uko wapi.

Nilipopakua nikampelekea Kukhu imondo. Alikataa, akasema hiyo ni ya baba yako. Nikamwambia baba hakupasua kuni. Aliicheka ile imondo, akaizungusha kwa sahani, akaikata katikati na kunipa nusu, halafu akaniambia chumvi imezidi.